Chumba cha Giza Kimehamia Sebuleni

Picha ya harusi ya babu na bibi yangu ilipigwa Iringa mwaka 1968. Suti ya babu bado ni nyeusi, shela la bibi bado ni jeupe, na ukisogea karibu unaweza kuhesabu vifungo. Picha ya kipaimara ya mdogo wangu ilitolewa kwenye stesheneri moja ya Mbeya mwaka 2013. Gauni lilikuwa jeupe na zulia la kanisa jekundu; leo vyote viwili vimeelekea rangi ya boga, na uso wa mdogo wangu unaonekana kama umezamishwa kwenye chai ya rangi. Picha hizo zimening'inia ukuta mmoja na kuvuta moshi wa jiko lile lile la mkaa tunalowasha ndani miezi ya baridi. Ya zamani imeitangulia ya pili kwa miaka 45.

Nilipoanza kutafuta printa ya nyumbani, ya kutolea picha, swali hili ndilo lililonisumbua kuliko bei. Muuza duka alitaka kunieleza kasi, waifai na idadi ya kurasa. Mimi nilitaka kujua kwa nini babu hajapauka.

Jibu fupi ni kwamba babu ametengenezwa kwa fedha, ile ile ya vito. Karatasi ya picha nyeusi na nyeupe ilipakwa tabaka la jelatini lenye chumvi za fedha. Mwanga ukizigusa, kisha dawa ikazifanyia kazi, hubaki chembe ndogo za fedha halisi. Chembe hizo ndizo weusi wa suti. Dawa ya pili huondoa chumvi zilizobaki ili mwanga usiendelee kuichoma picha, halafu karatasi huoshwa kwa maji mengi na kwa muda mrefu. Ndiyo maana hadi leo watu wazima husema "kusafisha picha" hata pale mtoto anapoitoa kwa kubonyeza simu. Neno limebaki, maji yameondoka.

Kazi hiyo yote ilifanyika kwenye chumba cha giza chenye taa nyekundu, na aliyeifanya alikuwa fundi mwenye jina na mlango. Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaiendeleza. Kwetu Nyanda za Juu Kusini studio zilikuwa ndogo zaidi, lakini mpangilio ulifanana. Babu alikumbuka kwamba yake ilikuwa Uhindini, jina la mtaa ambalo Iringa na Mbeya zote zinalo na ambalo linakueleza nani alikuwa na maduka enzi hizo. Mteja aliazimwa koti, akakaa mbele ya pazia lililochorwa, akaambiwa asipepese macho. Picha iliharibika mikononi mwa fundi au ikafaulu mikononi mwa fundi. Kama aliiosha kwa haraka, ingeota madoa ya njano baada ya miaka michache na kila mtu angejua ni kazi ya nani, kwa sababu mhuri wa studio ulikuwa nyuma.

Rangi ndiyo iliyovunja utaratibu huo. Filamu ya rangi husafishwa kwa dawa iliyopashwa hadi nyuzi 38 hivi, na joto likicheza hata kidogo nyuso hubadilika. Fundi mwenye beseni na taa nyekundu hakuweza kushindana na hilo katika mji ambao Juni asubuhi maji ya bomba yanauma vidole. Baba yangu mdogo, aliyepiga picha za harusi kwa kamera ya kukodi, anasimulia kwamba mikanda ya rangi ilifungwa kwenye bahasha na kukabidhiwa kondakta wa basi: takriban kilomita 500 kutoka Iringa hadi Dar es Salaam, zaidi ya 800 kama unatoka Mbeya. Bwana harusi alisubiri wiki mbili kujua kama alifunga macho. Baadaye zikaja mashine zinazosafisha na kuchapa mahali pamoja. Kampuni ya Noritsu ya Japani ilikuwa imezitoa mwishoni mwa miaka ya 1970, na polepole zikafika katika miji ya mikoani. Picha za rangi za wakati huo nazo zimepauka, lakini kwa hatua, kama kanga inayofuliwa. Sijaona hata moja iliyogeuka boga ndani ya miaka kumi.

Kompyuta zilichelewa, na zilichelewa kwa amri. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta, televisheni na vifaa vyake, ili kulinda fedha za kigeni. Wakati vizazi vya wazazi wetu vikiishi chini ya amri hiyo, huko Japani mwaka 1977 mhandisi wa Canon, Ichiro Endo, aligusisha kwa bahati chuma cha moto cha kulehemu kwenye sindano iliyojaa wino, na wino ukaruka. Joto lilikuwa limetengeneza povu, povu likausukuma wino nje. Kutokana na ajali hiyo zikazaliwa printa zinazorusha wino kwa joto, ambazo Canon na kampuni ya HP, iliyofika kwenye wazo hilo hilo kwa njia yake, walianza kuziuza katikati ya miaka ya 1980. Epson walichagua njia nyingine: kipande kidogo cha kauri kinachojikunja umeme unapopita na kuusukuma wino bila kuuchemsha. Printa yao ya Stylus Color ilitoka mwaka 1994, na kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida aliweza kuchapa mezani kwake kitu kinachofanana na picha. Mwaka huo huo ndipo ITV ilipoanza kurusha matangazo Tanzania Bara. Sisi tulikuwa tunaanza kuona picha zinazotembea. Zile za kuchapa nyumbani zilikuwa bado mbali.

Hapa ndipo kuna sehemu ya historia ambayo wauza maduka hawaisimulii. Mwaka 2000 Epson walileta sokoni printa za picha, Stylus Photo 870 na 1270, zilizosifiwa kwa picha zinazodumu miaka mingi. Wateja Marekani na kwingineko wakaanza kulalamika kwamba picha zao zinageuka rangi ya chungwa baada ya miezi, wengine baada ya wiki. Jua halikuwa mshitakiwa mkuu. Ilikuwa ozoni, gesi iliyomo kwenye hewa ya kawaida, iliyokuwa ikiingia kwenye vinyweleo vya karatasi mpya inayokauka haraka na kuila rangi ya samawati. Samawati ikiondoka, kinachobaki ni majenta na njano, na mchanganyiko wa hizo mbili kila mtu aliyewahi kuchezea rangi shuleni anaujua. Niliposoma kisa hicho nilienda kuitazama upya picha ya kipaimara. Uso wa mdogo wangu ulikuwa haujaungua. Samawati yake ilikuwa imeliwa.

Tofauti iko kwenye aina ya wino. Katika aina ya kwanza rangi imeyeyuka ndani ya kimiminika kama sukari ndani ya chai. Hutoa picha zinazong'aa na ni rahisi, lakini kila molekuli iko peke yake mbele ya hewa na mwanga. Katika aina ya pili, wino wa pigmenti, rangi ni chembe ngumu zinazoelea, kama chokaa ndani ya maji, na gesi ikila juu ya chembe bado ndani kunabaki. Epson walitoa printa ya picha ya pigmenti, 2000P, mwaka huo huo wa 2000. Ilikuwa ghali, na printa za picha za aina hiyo zimebaki ghali. Zilizojaa Mwanjelwa, Kabwe, Miyomboni na Kihesa ni za wino wa kuyeyuka.

Zilijaa kwa sababu ya matenki. Kwa miaka mingi printa iliuzwa bei ya chini na wino bei ya kutisha, kwenye vikasha vinavyoisha kabla hujachoka kuviangalia. Mafundi wa Asia wakatoboa vikasha, wakaingiza mirija na kuiunganisha na chupa za nje. Mtindo huo ulifika hadi huku. Bado kuna fundi Mbeya mwenye printa iliyozungukwa na mirija kama mgonjwa aliye kwenye dripu. Mwaka 2010 Epson wakakubali yaishe: wakaanza kuuza nchini Indonesia printa zenye matenki ya kujaza kutoka kiwandani. Baadaye ikaja L800 na mrithi wake L805, yenye rangi sita badala ya nne, yaani samawati hafifu na majenta hafifu zimeongezwa ili mashavu na mbingu visionekane kama vimenyunyiziwa pilipili manga. Chupa moja ya wino ina mililita 70. Printa ikiwa kazini hula wati zisizofika 20. Kwa mtu aliyepitia mgao wa umeme wa 2006 na 2011, namba hiyo ya mwisho ni habari kubwa kuliko zote: inaendeshwa na betri ya sola inayowasha taa za chumba.

Kilichoilipia printa hiyo huku kwetu ni pasipoti, na simaanishi ya kusafiria. Namaanisha picha nne za fomu ya mkopo, mbili za kazi, mbili za kanisa, na nyingine za chuo ambacho kitaziomba tena mwaka unaofuata. Karatasi ya sentimita 10 kwa 15 ukiigeuza ubavu hutoa picha nane za milimita 35 kwa 45, na hesabu hiyo ndogo imelipa kodi za fremu nyingi kuzunguka vyuo vya Iringa na Mbeya. (Nasema fremu za maduka. Kiswahili chetu kimeamua kwamba picha na mfanyabiashara wote wanakaa kwenye fremu, na sioni sababu ya kukikosoa.) Kitambaa cha bluu ukutani, stuli, simu, printa. Dakika tano. Studio iliyokuwa na pazia la kuchorwa haikufa kwa sababu ya uvivu. Ilizidiwa na hesabu ya nane kwa karatasi.

Pasipoti inakaa kwenye fomu, fomu inakaa kwenye faili, na hakuna anayejali ikipauka. Tatizo lilianza pale mashine ile ile, wino ule ule na karatasi ile ile vilipopewa harusi, kipaimara na misiba.

Nilinunua L805 iliyokwishatumika, nikaiweka sebuleni chini ya kitambaa cha kufuma ambacho mama alikuwa amekishona kwa ajili ya televisheni. Kabla ya kumtolea mtu picha ya kutunza nilifanya jaribio. Nilichapa picha moja mara nne: wino halisi na wino wa chupa zisizo na jina, kila mmoja kwenye karatasi nyembamba ya glosi inayouzwa kila stesheneri na kwenye karatasi nzito yenye mgongo wa plastiki. Nikakata kila moja katikati, nusu nikaibandika dirishani upande wa jua la asubuhi, nusu nikaifungia ndani ya kamusi. Ilikuwa Juni. Kufikia mvua za kwanza za Novemba, ile ya wino usio na jina kwenye karatasi nyembamba ilikuwa imebaki kivuli cha njano na waridi. Ya wino huo kwenye karatasi nzito ilikuwa imepauka pia, ila nyuso zilitambulika. Za wino halisi zilikuwa zimefifia, ile ya karatasi nzito kidogo sana. Zilizokuwa ndani ya kamusi zote nne zilikuwa salama, na hilo lilinifundisha zaidi ya zile za dirishani: albamu iliyofungwa inamsaidia hata maskini wa wino.

Tangu hapo ninapoulizwa "ninunue printa gani?" huwa nauliza kwanza, "picha zitakaa wapi?" Anayetaka kutundika ukutani atumie wino halisi, karatasi nzito, aiache ikauke siku nzima kabla ya kuiweka kwenye kioo, na ukuta uwe ule usiotazamana na dirisha. Anayetaka pasipoti tu anaweza kununua wino anaoumudu. Anayetaka kuchapa mikataba na vyeti asinunue kabisa printa ya aina hii, kwa sababu hata weusi wake ni wa kuyeyuka. Tone moja la maji na sahihi inatembea. Na wote wajue kwamba kati ya Juni na Oktoba hewa ya huku ni kavu na vumbi ni jingi, hivyo matundu ya kichwa huziba kama printa imekaa wiki tatu bila kazi. Mimi huchapa picha moja ndogo kila Jumamosi, ihitajike isihitajike. Ikishaziba, inajisafisha kwa kumwaga wino kwenye sponji iliyo chini yake, na sponji ikihesabiwa kuwa imejaa printa inagoma kabisa. Mafundi wa Mbeya wana dawa: wanairudisha hesabu hadi sifuri kwa kompyuta, wanatoa mrija nje na kuuelekeza kwenye chupa tupu ya soda iliyofungwa nyuma. Si ya kupendeza, lakini wino mchafu unaishia kwenye chupa badala ya meza ya mama.

Nilichokuwa sijakitegemea ni misiba. Mwenye printa nyumbani hugeuka kuwa mtu wa kugongewa usiku. Mara ya kwanza alikuja jirani, mama wa makamo, saa tano na nusu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Samahani kwa saa hizi. Tunaondoka na mwili alfajiri kwenda Makete, na hatuna picha ya msalabani."

Alikuwa na kadi ya mpiga kura ya mumewe. Nyumba nyingi za huku picha pekee ya mzee ni hiyo. Mwaka 2015 uandikishaji wa kielektroniki ulianzia Makambako, mji ambao hadi mwaka 2012 ulihesabiwa ndani ya Mkoa wa Iringa, kisha ukasambaa nchini. Wazee wasiowahi kukaa mbele ya mpiga picha kwa hiari walikaa mbele ya kamera ya serikali, wakatazama mbele, wakaondoka na uso wao mdogo kuliko kidole gumba. Niliipiga picha kadi kwa simu, nikaikuza hadi ukubwa wa karatasi ya A4. Ukikuza kitu kidogo kiasi hicho hupati mtu mkubwa, unapata madoa makubwa. Nikapunguza hadi nusu karatasi, nikaacha ukingo mweupe. Mama akaitazama ikitoka mstari kwa mstari, kuanzia kofia, na ilipofika machoni akasema taratibu, "Ndiye."

Ilikuwa Machi, na Machi Makete inanyesha. Picha ya wino wa kuyeyuka ikilowa msalabani, uso hutiririka kabla kaburi halijafunikwa. Tuliiacha ikauke hadi saa tisa za usiku, tukaipitisha kwenye mashine ya kulaminisha tuliyoazima kwa mwalimu wa jirani, tukaacha pembezoni plastiki ya ziada kila upande ili maji yasipate pa kuingilia. Plastiki hiyo huzuia pia ozoni. Nimeambiwa picha ile bado ipo, sasa iko ndani, juu ya kabati la vyombo.

Baadaye vijana walianza kuniletea picha za simu, na hapo nikakutana na hasara nyingine. Picha iliyopita WhatsApp hupunguzwa njiani, na ikipita kwenye makundi matatu ya ukoo inafika imechoka. Siku hizi nawaambia mtumaji wa kwanza atafutwe na aitume kama dokumenti. Nusu ya kazi ya kutoa picha nzuri ni kumtafuta binamu mwenye simu iliyoipiga.

Kuna picha za kwetu ambazo binamu huyo hayupo. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, wakapiga picha watu, nyumba na mashamba, na picha hizo zikaenda Herrnhut, Ujerumani. Nyingi sasa zinaonekana mtandaoni kupitia Chuo Kikuu cha Southern California. Walther Dobbertin alizunguka na kamera koloni zima la Wajerumani, na picha zake ziko kwenye hifadhi ya taifa la Ujerumani, ambayo tangu mwishoni mwa 2008 imeweka maelfu ya picha zake wazi kwa umma. Ziko wazi, lakini kwa upande mrefu wa pikseli 800 tu. Nilipiga hesabu: kwa ubora wa kawaida wa picha, nukta 300 kwa inchi, pikseli 800 zinatoa sentimita 6.8. Kubwa kidogo kuliko kiberiti. Ukiilazimisha ifike sentimita 15 inabaki na nukta 135 hivi kwa inchi, na nyuso zinaanza kulegea. Mtu aliyepigwa picha hapa zaidi ya miaka mia iliyopita anarudi nyumbani akiwa na ukubwa huo, na faili kamili imebaki huko.

Hata hivyo nilichapa chache, ndogo, zikatulia vizuri kwenye karatasi nzito, nikampelekea bibi wa upande wa mama, Tukuyu. Alizisogeza dirishani moja moja. Kuhusu watu hakusema kitu, kwa kuwa hata maelezo ya Kijerumani yalitaja mahali na kazi, majina hayakuwepo. Kuhusu ufumaji wa mianzi kwenye ukuta wa nyumba mojawapo alizungumza karibu saa nzima. Kisha akaigeuza picha, akauliza mbona nyuma hakuna kitu.

Nyuma kulikuwa na jina la kampuni ya karatasi, limerudiwa mara kumi na kitu kwa rangi ya kijivu. Nyuma ya picha ya harusi ya 1968 kuna mhuri wa studio na mwandiko wa babu: majina mawili, siku, mwezi. Penseli iliyoandika pale haishiki kwenye mgongo wa plastiki, na kalamu ya kawaida huacha wino unaohamia uso wa picha iliyo chini yake. Kinachofaa ni kalamu ile ya kuandikia juu ya CD, ncha nyembamba. Nilinunua mbili, moja nikamwachia bibi. Ukishaandika, iache picha imelala kifudifudi dakika chache kabla ya kuiweka juu ya nyingine.